Nilimdanganya mama mdogo kuhusu dawa ya mtoni

Admin, jina langu lifiche, na la kampuni usilitaje, maana bado nakula kwao. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, nina watoto wawili, naishi Ifakara. Ni mkalimani na afisa mahusiano wa kampuni moja ya kigeni yenye shamba kubwa huku bonde la Kilombero. Mume wangu anaendesha trekta hapohapo. Ndiyo, nyumba nzima inategemea mlango mmoja. Mtanisema, najua.

Tuna bosi wa mazingira, mgeni, mtu wa tabasamu muda wote. Huyu bwana anaweza kumfokea mpishi kwa ajili ya mrija mmoja wa plastiki, kisha akamweleza habari za kobe wa baharini mpaka wali ukaungua. Ifakara na bahari wapi na wapi? Lakini matrekta yake yanapuliza dawa ya magugu mpaka ukingoni mwa mto, na hapo hana la kusema. Kila mwaka anapanda miche palepale, anapigwa picha, anaondoka, ng'ombe wanakula. Mwaka unaofuata tunachimba mashimo yaleyale. Kwenye ripoti wanaandika wameotesha msitu.

Mwaka jana walinipeleka kwao kusoma huo wanaouita mkakati wa mazingira. Wakatutembeza shamba lao. Kati ya mazao na mto wameacha ukanda wa majani mpana kiasi kwamba mimi ningevuna mpunga wa kula mwaka mzima. Nikamuuliza msimamizi wa pale, mzee mpole, mbona hapa hamlimi? Akanishangaa. "Wajukuu zangu wanaogelea humu." Nikamtajia dawa tunayotumia huku. Akacheka. "Hiyo? Hapa ilishapigwa marufuku siku nyingi."

Niliporudi nikamuuliza bosi. Hata aibu hakuona. "Kila nchi ina mkakati wake," akasema. "Tunafuata sheria ya mahali tulipo." Yaani mto wao una wajukuu, wetu una sheria. Nikaitikia sawa, nikarudi mezani kwangu. Kwenye kisa hiki mtu wa hovyo wa kwanza ni yeye, wa pili ni mimi.

Masika haya, baada ya mvua kubwa, samaki walielea matumbo juu kwenye mkondo unaotoka shambani kwetu. Kijiji kikaitisha mkutano. Mama mdogo wangu alikuwepo. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Analima mpunga chini ya shamba la kampuni na anatega samaki kwa migono kwenye mkondo huohuo. Nikamwamkia, akaitikia "Marahaba mwanangu," kisha akasimama mbele za watu.

"Muulize mgeni wako. Hii dawa, kwao wanaitumia?"

Nikatafsiri. Bosi akajibu kwa Kiingereza, "Waambie imesajiliwa kisheria hapa nchini."

Hilo halikuwa jibu, na mama mdogo si mjinga. Angeuliza tena. Nami niliogopa angeuliza tena. Nikasema, "Anasema ni ileile wanayotumia kwao, kwenye mito yao."

Mkutano ukatulia. Mama mdogo akakaa. "Kama umesema wewe mwanetu, basi." Akarudi kutega migono yake, akala samaki, akawapa na majirani.

Mwezi uliopita nilimkuta mikono imebabuka mpaka kwenye viwiko. Zahanati wamempa dawa ya kupaka, hawajui ni nini. Na mimi sijui, sitaki kudanganya mara ya pili. Ila nililia njia nzima, kesho yake nikaenda kwa bosi, nikamwambia wakaguzi wa serikali wakija nitawaeleza ukweli.

Alinisikiliza vizuri sana. Akafungua kompyuta, akanionyesha video ya ule mkutano. Kumbe walirekodi, na wakampa mtu mwingine aitafsiri. "Mimi sikusema hivyo," akasema kwa upole. "Nilisema imesajiliwa, na ni kweli. Maneno haya mengine ni ya kwako." Kisha akanipa chai. Chai, jamani!

Hawa watu hawasemi uongo. Wanaajiri mmoja wetu autoe kwa lugha yetu, kwa sura inayofahamika kijijini, halafu wao wanabaki safi. Na mimi nilijitolea bila hata kuombwa.

Mume wangu anasema ninyamaze. "Ukifungua mdomo wataonyesha hiyo video. Kampuni itabaki, sisi tutafukuzwa, na kijiji kitakuona wewe ndiye muuaji wa samaki." Hajakosea, na hilo ndilo linaloniuma.

Wakaguzi wanakuja Ijumaa, watakutana na kijiji kizima. Nimepangiwa kumtafsiria bosi tena. Mama mdogo bado hajui chochote, jana tu amenitumia mchele mpya na salamu kwa watoto.

Wale wa "muachie Mungu" piteni tu, Mungu hakuwa mkalimani siku ile. Nataka wenye akili zenu. Kusema nitasema, hilo nimeshaamua, hata tukirudi kulima kwa jembe la mkono. Ninachoshindwa ni kimoja: nimwendee mama mdogo kabla ya Ijumaa nimwambie mwenyewe, tukiwa wawili, au nimwache asikie pale mkutanoni pamoja na wengine? Mngekuwa nyie, mngemtazamaje usoni?