Ndege Iliyopimwa kwa Mizani ya Mbata

Kwa miaka kadhaa niliamini, tena niliamini kwa raha zangu zote, kwamba ile ndege kuukuu ya uwanja wa Malindi ilikuwa na jini mkiani. Si jini hivi hivi tu: jini wa kike, mwenye hasira, alishwaye ubani kila Alhamisi, na bila yeye chombo kisingeinuka hata kimo cha kuku. Cheti changu cha shule ya jioni kilikuwa ukutani, kimetiwa kioo, na bado ningeapa. Mfugaji wa jini huyo, ilisemekana, ni fundi wa ndege tuliyemzika juma lililopita hapa Muyeye. Alikufa kitandani kwake kwa maradhi ya kifua, kama wafavyo waja wote. Lakini maiti haijaoshwa, watu wanaulizana barazani jini sasa atakwenda kwa nani. Wasomaji wangu mmezoea nicheke nanyi. Leo mtanisamehe, nimeudhika.

Ndege yenyewe ilikuwa ya zamani sana, mbavu za mbao zilizovikwa kitambaa, na injini yake ilikwisha choka kabla sijaota ndevu. Jua likishika, ikapakiwa abiria wawili na kapu la kamba wa baharini, ilikimbia uwanja mzima ikikohoa, nami nasema ilikuwa ikikaribia Mambrui ndipo magurudumu yakaagana na ardhi. Mwenye ndege akaagiza injini nyingine, yenye nguvu zaidi, ikaja ndani ya sanduku la mbao, na fundi wetu akapewa kazi ya kuifunga. Wakati huo nilikuwa karani wa mizigo pale uwanjani, kwa hiyo mengi niliyaona. Niliona akiunda fremu mpya ya chuma ya kuishika ile injini, akiifunga na kuifungua, akiipiga tupa na kuifunga tena, hata nikadhani anamtengenezea mtu jino. Niliona rafadha mpya, lile panga la puani lizungukalo, ndefu kuliko ya kwanza. Halafu asubuhi moja nikaona kioja: mkokoteni umeingia uwanjani na mizani tatu za kupimia mbata, zile nazi kavu, alizoazima kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni, na mwenye mizani anaufuata nyuma mbio mbio, roho mkononi.

Fundi akaweka mizani chini ya kila gurudumu, hata lile dogo la mkiani. Watu wakakusanyika.

"Fundi," mwenye mizani akapaza sauti, "siku hizi ndege zauzwa kwa ratili?"

"Kwa ratili, mzee wangu. Wewe wataka bawa au paja?"

"Paja. Na mizani yangu ikipinda, wallahi nakutundika wewe hapo."

"Nitundike, upate kujua uzito wa mtu mwenye kazi."

Watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alisoma mizani, midomo ikimcheza, akakunja uso, akapima upya. Akaondoka. Aliporudi alikuwa amepakata kifuko kidogo kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, na mishipa ya shingo imemtoka kwa uzito. Akakiingiza mkiani, akakikaza kwa skrubu, akafunika. Siku zile zile banda lake lilikuwa likifuka ubani hata kunguru wakahama. Nikamuuliza mna nini mle kifukoni.

"Mna cha kumrudisha rubani kwao," akanijibu. "Na wewe rudi kwenye mizigo yako."

Akaja mkaguzi kutoka Nairobi, akakagua, akaridhika, akatia sahihi. Rubani akawasha. Jamani, ndege ile ile iliyokuwa ikiomba dua ili iruke, safari hii ilikimbia kidogo tu ikachupa, na sijamaliza kusema bismillahi imekuwa nzi mbinguni. Mpagazi aliyesimama kando yangu akashika kichwa. "Hiyo si injini, karani! Huyu ana mtu wake!" Kufika alasiri, soko zima lilikwisha mjua huyo mtu wake, kabila lake na chakula chake.

Na hapa ndipo ninapotaka tusemezane, ndugu zangu. Mzungu akija akafunga injini, twasema ana akili. Mtoto wetu, mjukuu wa waunda vyombo vya baharini, akifunga injini ile ile, kwa mikono iliyochubuka tukaiona, twasema ana jini. Mizani tuliiona sote. Tupa tuliisikia mpaka masikio yakauma. Mkaguzi alisimama mbele yetu na shati lake jeupe. Hakuna hata mmoja aliyekwenda nyumbani akasimulia habari ya mizani. Tulisimulia habari ya ubani. Mcheza kwao hutunzwa, walinena waliotutangulia. Sisi wetu tulimtunza uvumi, akaishi nao mpaka kaburini. Kina mama walivuka njia wakimwona. Wengine walimletea jogoo mweusi awarudishie waume zao. Yeye aliwarudishia jogoo. Hakugombana na mtu. Nadhani alichoka, maana mtu atabishanaje na mji mzima unaokataa kwamba anajua kazi?

Ningeyaacha hapo, kama si jambo lililonipata juzi. Binti yake ameposwa na kijana wa Kibarani, kule Kilifi, na mshenga ni mimi. Posa ilikubaliwa baba yake angali hai, mahari yamekwisha tajwa. Baada ya matanga, shangazi wa kijana akanivuta kando. "Mshenga, sisi hatuna neno na binti. Ila mfugaji ameshakufa. Yule wa mkiani, harithiwi? Kaulize. Bila jibu, sisi tutajitoa." Nikasikia damu inanipanda, lakini mshenga ni mdomo wa watu, hachagui cha kubeba. Isitoshe, kusema kweli, nami nilitaka kujua.

Nikaenda. Mjane yumo edani, akazungumza nami nyuma ya pazia, na binti yumo huko huko ndani. Nikazunguka weee, mara hali ya hewa, mara bei ya unga, mwisho nikaitapika. Nikadhani nitafukuzwa kwa mchi.

"Shemeji," akasema, wala sauti haikupanda, "injini mpya ilikuwa nzito kuliko ile ya kwanza. Pua ikalemea. Ndege iliyolemewa puani huangusha watu. Nikampa chubwi, zile risasi za kuzamishia mishipi ya kuvulia, alizoacha marehemu baba yangu, akaziyeyusha, akazifunga mkiani zisawazishe. Huo ubani ulikuwa wa kukata harufu ya rangi ya mabawa, ilikuwa ikimuumiza kichwa. Kamwambie shangazi yao maneno haya haya, usitie chumvi yako. Akitaka mwanangu, karibu. Asipotaka, njia aijua. Na akikuuliza jini yuko wapi, mwambie hapakuwa na jini. Palikuwa na mume wangu, akifanya kazi."