Jinsi Beldina Alivyoieleza Neema

Beldina Adero, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, huko Usenge, alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mmoja, na kitabu alichojifunzia ni Biblia. Kila Alhamisi, omena wakishaanikwa, wanawake saba waliketi kwenye kibanda cha kushonea nyavu pamoja na mwinjilisti Wandera, kijana msomi aliyeletwa na kanisa kutoka Kisumu. Utaratibu wake ulikuwa wiki moja, neno moja. Maana ya kamusi hakuitaka.

"Neno halieleweki mpaka mtu aseme lilimkuta wapi," aliwaambia. "Na linalosemwa hapa linazikwa hapa."

Aloo, mcheshi wa kundi, alilieleza neno "subira" kwa kumwonyesha kidole mumewe, aliyekuwa amelala kivulini tangu asubuhi. Walicheka hadi machozi.

Siku ya "neema" hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe Beldina akasema. Ziwa lilimchukua mumewe wakati Cliff, mwana wao wa pekee, alikuwa darasa la tatu. Naye akaingia kwenye jaboya, ile desturi ya ufuoni ambapo mvuvi hamuuzii mwanamke samaki mpaka ampe mwili. Miaka miwili. Kisha asubuhi moja mvuvi aitwaye Oluoch akamjazia beseni, akageuka aende zake.

"Nikamwita, 'Na wewe unanitaka lini?' Akasema, 'Nenda ukauze, mama. Mtoto asikose shule.' Neema ni hiyo. Nilikuwa nimeshajiandaa kulipa."

Wandera aliandika daftarini.

"Cliff hajui," Beldina alimwambia wakitoka. "Nitamwambia mwenyewe, akimaliza chuo."

"Mama, mimi ni kaburi."

Kaburi lilifunguka Jumapili ya wageni. Wakubwa wa kanisa walikaa mbele, simu zikirekodi. "Yuko mjane ufuoni hapa!" Wandera alinguruma. "Mume alikufa maji, mwanawe sasa yuko chuoni Bondo!" Akasema yote, mpaka beseni. Wajane Usenge ni wengi, lakini mwenye mwana chuoni Bondo ni mmoja. Shingo zikageuka. Watu wakaitikia "Amina!" huku mwanamke akivuliwa nguo mbele ya madhabahu, na katika kanisa zima hakupatikana hata mmoja wa kumfunika.

Beldina alimngoja nje.

"Mwalimu, ulisema linazikwa."

"Mama Cliff, jina sikutaja. Na watu tisa wameokoka leo!"

"Nilikuomba."

"Ushuhuda ni wa Kristo, mama, si wako peke yako."

"Basi ungetoa wako. Hata wale wavuvi, Wandera, walikuwa wakisema mapema wanataka nini kwangu."

Wandera alitazama saa. Wageni walikuwa wakimsubiri mezani.

Beldina akashika njia ya stendi, awahi Bondo kabla ya video za zile simu kumfikia Cliff. Hakufika. Simu yake ililia njiani.

"Mama." Cliff hakusalimu. "Kuna video kwenye grupu la darasa letu. Yule mama ni nani?"

Angeweza kusema hamjui.

"Ni mimi, mwanangu."

"Kwa nini mhubiri ajue kabla yangu?"

Miaka kumi alikuwa akiyapanga maneno ya kumwambia mwanawe, lipi litangulie, lipi lifuate, na Wandera alikuwa ameyamaliza kwa dakika nne. Aliketi juu ya jiwe kando ya barabara. Simuni alimsikia Cliff akipumua.

"Usikate," akamwambia. "Huyo amekuambia alichosikia. Hakuwepo. Mimi nilikuwepo."

Cliff hakukata. Na pale juani, wapita njia wakimkodolea macho, Beldina akaanza na siku waliyomtoa baba yake majini.