Neno la Habonimana Chini ya Boneti

Kasulu haina uhaba wa mafundi wa magari, ila karibu wote huikimbia injeksheni, petroli inayopulizwa kwa umeme. Mpelekee fundi gari la kabureta, atalifungua huku akipiga soga. Mwoneshe la injeksheni, ghafla kichwa kinamuuma, na anakuuliza kwa upole kama umeshajaribu Kigoma mjini. Mudathiri hakuwa wa namna hiyo. Kwao ni wauza vitambaa tangu babu alipokuja na marobota yake kutoka pwani, na baba yake alikufa akiwa bado anaona haya kidogo kwamba mwanawe ananuka petroli. Lakini Mudathiri alipenda nyaya. Waya haudanganyi, alikuwa akisema; ama una moto, ama hauna.

Moto, kwa mafundi wa magari, ni umeme. Betri imeishiwa moto, pampu haipati moto, lete moto hapa. Alilitumia neno hilo mchana kutwa, na akirudi nyumbani mkewe Swaumu humtania kwamba siku moja atamwomba moto wa kuchemshia chai akaletewa betri.

Habonimana alimpata Mudathiri kwa sababu ya Pijo. Alikuwa mtu wa Kibondo, mtoto wa wakimbizi wa Burundi waliopewa uraia, mkulima wa maharage mwenye pesa kidogo na majivuno mengi, na majivuno yote aliyaweka kwenye ile Pijo 505 nyeupe ya injeksheni. Ilikuwa nzee kuliko maharusi aliowabeba ndani yake. Mafundi wa Kibondo walimshauri ang'oe injeksheni, afunge kabureta, apumzike. Habonimana aliwaangalia kama watu waliomshauri amwache mke.

Basi akamfuata Mudathiri, na urafiki ukaanzia kwenye ethi, waya unaorudisha moto kwenye betri. Pijo ilikuwa inawaka vizuri asubuhi, ikishapata joto inazima na haitaki tena. Wengine walishabadilisha pampu, wakasafisha nozeli, wakalaumu petroli ya chupa. Mudathiri alifuata nyaya moja moja mpaka akakuta ule wa ethi umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye injini. Akaukwangua, akaukaza, Pijo ikanguruma. Habonimana akamkumbatia na mafuta yake yote.

Tangu hapo wakawa wanatibu gari kwa simu, maana Kibondo na Kasulu si pua na mdomo. Walikuwa na utaratibu wao. Habonimana huinama chini ya boneti na testa, ile taa ndogo yenye nyaya mbili. Mkewe Claudine hukaa kwenye usukani, mkono mmoja kwenye ufunguo, mwingine umeshika simu. Mudathiri huuliza, Claudine hupeleka swali, mume hujibu. Sasa Habonimana, akiinama kwenye injini, Kiswahili chote humtoka. Hubaki Kirundi kitupu. Taa ikikataa, husema, “Nta muriro.” Ikiwaka, husema, “Umuriro!” Na Claudine humwambia Mudathiri: moto hakuna, moto upo. Walizoea hivyo hata wakawa wanacheka, wakimwita Claudine mkalimani wa Pijo.

Siku ile walikuwa wanaileta Kasulu ikaguliwe kabla ya harusi ya binti wa jirani yao. Ikazima kwenye kilima, kijiji cha Makere wameshakipita. Claudine akapiga simu.

“Shemeji, imekufa tena.”

“Atazame rilei ya pampu, ile swichi yake. Kuna moto pale?”

Ikaja sauti ya Habonimana kwa mbali, na ya Claudine kwa karibu: “Anasema hakuna.”

Mudathiri akamwelekeza waya wa kuunganisha moja kwa moja kutoka kwenye betri mpaka kwenye rilei. Akasubiri, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani. Akasikia Habonimana akipaza sauti, “Umuriro!”

“Moto upo, shemeji,” akasema Claudine.

“Safi sana. Piga stata.”

Claudine akazungusha ufunguo.

Boneti ilikuwa wazi mbele ya kioo. Asingeweza kuona kitu. Mpira mzee wa petroli ulikuwa umepasuka nyuma ya injini, cheche ya ule waya ikaudaka, na Habonimana alikuwa anatangaza moto. Moto wenyewe, wa kuunguza. Ufunguo ulipozunguka, pampu ikamsukumia petroli yote usoni na kifuani. Alifikishwa hospitali akiwa hai, akafariki kabla Mudathiri hajafika.

Mudathiri alimzika rafiki yake akiwa amesimama nyuma ya watu. Kilichomtafuna si kifo peke yake. Lilikuwa swali ambalo Claudine hajaliuliza: mume wangu alisema moto upi? Maana mkono uliozungusha ufunguo ni wake. Mudathiri alishaikagua Pijo akalijua jibu; aliapa kwamba mama huyu hatalijua, hata kama yeye atakwenda nalo kaburini.

Claudine alikuja Kasulu baada ya kuondoa matanga. Akakaa kwenye tairi kuukuu mbele ya gereji, akakataa chai.

“Shemeji,” akasema, “siku ile alipotamka umuriro, ulikuwa ni upi?”

Mudathiri alikuwa amejiandaa. Akaeleza taratibu, kwa ufundi wote aliokuwa nao: rilei, waya, taa ya testa iliyowaka kama inavyotakiwa. “Ulikuwa umeme, shemeji. Wewe ulisema sawasawa, ukafanya sawasawa. Mpira ulipasuka baadaye, stata ilipozunguka. Hata angekuwa nani pale kwenye ufunguo, ingekuwa hivyo hivyo.” Aliyasema vizuri mno, karibu ayaamini mwenyewe.

Claudine alimsikiliza mpaka mwisho. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

“Kulikuwa na neno la pili,” akasema. “Wewe halikukufikia, nilikuwa nimeshaanza kuongea na simu. Alisema, *Umuriro! Vamwo!* Moto, toka humo. Nililisikia mkono ukiwa umeshazunguka. Alikuwa ananitoa mimi kwenye gari.”

Mudathiri akachutama mbele yake.

“Nyumbani wote wananiambia si mimi, si mimi. Hawajui kitu, nawasamehe. Lakini wewe tulikuwa wote kwenye ile simu. Nikasema nitakwenda Kasulu, kuna mtu mmoja anajua, nitalia naye.” Akainuka, akakaza kitenge. “Na wewe umenificha, shemeji. Basi nimebaki nalo peke yangu.”

Akashika njia ya stendi.