Manamba wa Sufu

Binti yangu alirudi kutoka shule macho yamevimba kwa kulia. Yuko darasa la sita hapa Kasulu mjini. Mwenzake mmoja, ambaye wazazi wake wamehamia juzijuzi, alimwambia mbele ya darasa kwamba Waha hawana historia, babu zao walikuwa manamba tu wa kukata mkonge Tanga. Tangu siku hiyo nikimsemesha Kiha, lugha yetu, ananijibu Kiswahili. Tukikutana na jirani wa kusalimiwa Kiha, anainama kufunga viatu. Kandambili, jamani! Mtoto anafunga kandambili!

Hasira ilinipanda hadi masikio yakawa ya moto. Mimi ni fundi cherehani, nikasema nitajibu kwa sindano. Nitatengeneza wanasesere wa watu wetu wa kale, niwapeleke darasani kipindi cha historia, na mwanangu mwenyewe ndiye atakayewaeleza wenzake. Mwalimu akakubali.

Kitambaa kilinitoa jasho. Nilitaka felti, ile nzito isiyofumuka ukiikata, na madukani hakuna. Nikaenda kwa muuza mitumba, nikachambua sweta na makoti ya sufu, nikamwambia ni ya kuchemsha.

“Mama, koti zima hili unakwenda kulichemsha?” akaniuliza. “Limekukosea nini?”

“Wewe niuzie tu.”

Nyumbani nikazitia kwenye sufuria kubwa, maji ya moto na sabuni, nikazikoroga na kuzitwanga kwa mwiko wa ugali mpaka zikasinyaa, zikashikana, zikawa nene kama felti. Sweta moja kumbe lilikuwa la nailoni. Lilitoka kama lilivyoingia, likawa la kufutia miguu mlangoni.

Wa kwanza alikuwa mwami, mfalme wa Heru, amekaa kigodani na fimbo yake. Akafuata mhunzi, kisha mama aliyebeba chumvi kutoka Uvinza. Binti yangu akawatazama, akasema “wazuri,” akarudi kwenye simu yangu. Iliniuma, lakini kuacha sikuacha.

Nikapanda bodaboda hadi Heru Juu kumwonyesha shangazi yangu, dada yake baba, mtu asiyejua kusifia kitu. Akawapanga mkekani.

“Na baba yangu yuko wapi?”

Nilijua babu alikwenda kukata mkonge. “Shangazi, manamba ndio waliotutukanisha.”

“Waliokutukanisha wewe? Shamba ulilokulia unadhani lilianguka kutoka mbinguni? Alilinunua kwa mgongo wake! Nenda zako na mwami wako.”

Nilirudi nimenywea. Nilikuwa namlaumu mtoto kwa jambo ambalo mimi mwenyewe nalifanya kwa mkasi. Wiki ile ile nikaanza kumshona babu. Nikamvika koti na viatu, nikamtia waya miguuni asimame wima, kifua mbele. Nikampeleka.

Shangazi alicheka hadi akakohoa. “Weee! Huyu ni mkaguzi wa shule?”

Alipotulia akanieleza. Babu alirudi peku, sanduku la bati kichwani. Alipofika uani alilitua, na kabla hajawagusa watoto wake, anasema shangazi, alichuchumaa mbele ya mama yake, akapiga makofi polepole, akaanza salamu: habari za nyumba, za ng'ombe, za mihogo, za waliokufa. Mama yake akaitikia moja moja. Watoto njaa inawauma, wale wawili wanasalimiana.

“Kule walimwita kwa namba,” shangazi akasema. “Lakini salamu zetu alirudi nazo.”

Basi nikang'oa waya. Sasa sufu nene haikunji goti hata uibembeleze vipi. Nilivunja sindano mbili. Nikapunguza kipande nyuma ya goti, nikashona, akaanguka kifudifudi. Nikapunguza tena, akaanguka chali. Nikamwambia, babu, leo utachuchumaa, upende usipende. Mara ya nne akakaa, viganja vimekutana.

Binti yangu akasogea. “Mama, huyu anafanya nini?”

Nikamweleza kama nilivyoelezwa. Akawa anamgeuzageuza mkononi.

Siku ya kipindi nilikaa nyuma ya darasa na boksi langu tupu mapajani. Mwami alipita vizuri, mhunzi na mama wa chumvi pia. Binti yangu, pale mbele, akamwinua babu.

“Na huyo ameiba nini?” akauliza yule yule mwenzake. “Mbona anaomba msamaha?”

Darasa likaangua kicheko. Nilishika ukingo wa dawati nisiinuke. Nikajua sasa binti yangu atasema chochote, atasema ni mpishi wa mwami, yaishe.

“Huyu alikuwa manamba,” akasema. “Ni babu wa mama yangu. Ametoka Tanga. Haombi msamaha, anasalimia. Anafanya hivi.”

Akachuchumaa pale sakafuni na sketi yake ya shule, akapiga makofi polepole, akatoa sauti ambayo nyumbani sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi: “Mwakeye!”

Salamu ya Kiha haiachwi bila jibu. Bila kuambiwa na mwalimu, nusu ya darasa, watoto ambao nilikuwa sijui kabisa kama ni Waha, wakapiga makofi wakaitikia.