Kocha wa Siku za Kufungwa

Timu ikishinda, aliyeongea na waandishi wa habari ni kocha mkuu. Timu ikifungwa, kocha mkuu alishikwa na jino.

Jino hilo lilijulikana klabu nzima. Lilianza kuuma mechi ilipoonekana kuharibika, na kipenga cha mwisho kikilia, mwenye jino alikuwa ameshatokomea na gari lake nyuma ya jukwaa. Siku nyingine halikuwa jino, ilikuwa mjomba amefariki. Mjomba huyo alifariki mara nyingi sana msimu ule, na wachezaji waliacha hata kutoa pole. Walimwita kocha mkuu Profesa, kwa ajili ya miwani yake yenye kamba na kibao cha sumaku ambacho hakuna aliyewahi kukielewa. Aliyebaki uwanjani kukusanya koni na mipira ni kocha msaidizi. Huyo ndiye mwenye habari hii.

Kila mtu alimwita Msaidizi, hata mama mkwe wake. Alikuwa beki wa kushoto wa timu hiyohiyo mpaka goti lilipomstaafisha. Mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kufokea mabeki kutoka mbali, si ya kuongea mezani. Kazi yake ilikuwa kupasha wachezaji misuli, kugawa vizibao, na kila Alhamisi kuwafundisha kujilinda kwenye kona na faulo. Kazi hiyo aliipenda. Alikuwa na uwezo wa kusimama juani mchana kutwa akimsukuma beki mmoja hatua moja kushoto, kisha kumrudisha nusu hatua kulia.

Siku walipofungwa matatu nyumbani, katibu wa klabu alimkuta mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, amekumbatia furushi la jezi zenye jasho.

"Weka hizo chini, twende."

"Wapi?"

"Kwa waandishi. Profesa ana jino."

"Mimi nitawaambia nini, Katibu?"

"Chochote. Ila usiseme kitu."

Chumba cha waandishi kilikuwa stoo zamani, na bado kilinuka dawa ya kuchulia misuli. Nyuma ya meza palikuwa na bango la mdhamini, kampuni ya magodoro. Kitambaa cha meza kilikuwa kifupi, hivyo waandishi waliiona miguu ya anayehojiwa na kujua anadanganya saa ngapi. Feni ilizimwa ili sauti isikike, na kila mtu alianza kuiva taratibu.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mwanamke wa redio ambaye makocha walimwita Sindano. Maswali yake yalikuwa mafupi na yaliingia moja kwa moja.

"Mmefungwa matatu. Kwa nini?"

Msaidizi alifikiri kwa dhati, kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Kwa sababu muda uliisha," akasema. "Ungebaki, wangetufunga la nne. Lilikuwa njiani."

Waandishi waliangua kicheko. Yeye hakuwa amefanya utani, na alibaki akiwatazama mmoja mmoja ajue kilichochekesha. Kufika jioni, sauti yake ilikuwa kwenye kila simu mjini. Asubuhi mwenyekiti wa klabu akamwita ofisini.

"Msaidizi, klabu hii ina heshima zake."

"Ndiyo, Mwenyekiti."

"Huwezi kumwambia mwandishi kilichotokea."

"Lakini aliniuliza, Mwenyekiti."

"Ndiyo maana utaenda kufundishwa."

Mwalimu wake alikuwa msemaji wa klabu, kijana mwembamba wa manukato makali, ambaye kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuwahi kunukuliwa akisema jambo. Kijana alikuwa na nafasi Alhamisi tu. Basi ikaamuliwa kwamba Alhamisi mchana Msaidizi atakuwa darasani, na wachezaji watapewa mpira wachezee wenyewe.

"Kwanza shukuru," msemaji alimwambia. "Swali likiwa baya, shukuru zaidi. Halafu usijibu ulichoulizwa, jibu jirani yake. Nakuuliza: kwa nini kipa alitoka golini?"

"Alikosea hesabu."

"La! Anza tena. Jirani wa kipa ni nani?"

"Beki?"

"Mashabiki! Washukuru mashabiki. Walikuja wengi, mvua ikinyesha."

"Haikunyesha."

"Washukuru hivyohivyo."

Alifundishwa kusema hataki kumzungumzia mwamuzi, kisha amzungumzie mwamuzi mpaka waandishi wachoke kuandika. Alifundishwa neno "mchakato", na neno "falsafa", ambalo hutumika tofauti ya magoli ikizidi matatu. Mwanzoni ulimi ulimgomea. Alijifunza mbele ya kioo cha bafuni akiwa na povu la kunyolea mashavuni, na mke wake, muuguzi aliyetoka zamu hoi, alimsikia ng'ambo ya ukuta akiushukuru mswaki kwa swali lake zuri.

Kisha siku moja ulimi ukalainika. Walifungwa matano ugenini. Msaidizi alikaa mezani, akaunganisha vidole, akasema:

"Niwashukuru kwa swali, na niwapongeze wapinzani. Ukitazama matokeo, utaona matano. Lakini ukitazama mchakato, utaona timu inayojua inakotaka kufungwa... samahani, inakotaka kufika. Kuna vipindi tulimiliki mpira. Kuna vipindi tuliumiliki bila mpira. Tutarudi kwenye uwanja wa mazoezi, tutajitathmini, na kila mmoja atachukua jukumu lake kwa pamoja."

Waandishi waliandika kurasa mbili nzima. Walipofika ofisini na kutafuta habari ndani yake hawakuiona, lakini hakuna aliyekasirika. Walisema yule bwana ana kichwa. Sindano peke yake alikuwa na tabia moja ya kuudhi: Msaidizi akianza kushukuru, yeye hukizima kinasa sauti chake na kukiweka mkobani.

Timu ilizidi kufungwa, naye alizidi kung'ara. Alinunua koti. Mashabiki waliotoka uwanjani na hasira walisimama dirishani pa ile stoo kumsikiliza, wakaenda nyumbani wametulia, wakiamini kwamba kipigo walichokiona kwa macho yao kilikuwa hatua ya mradi fulani mkubwa. Profesa hakuhitaji tena hata jino. Aliondoka tu.

Tatizo la ulimi uliolainika ni kwamba haujui lango la nyumbani. Paa lilikuwa linavuja juu ya kitanda cha mama mkwe, aliyekuja kwao kutibiwa macho, na Msaidizi alikuwa ameahidi kuliziba. Mvua ikanyesha, godoro likalowa. Asubuhi mama mkwe akamsimamia sebuleni, shuka mkononi.

"Mkwe wangu, paa si ulisema utaziba?"

"Mama, kwanza nikushukuru kwa kuliuliza hilo," akaanza, na mikono ikajiunganisha yenyewe. "Ni kweli usiku haukuwa mzuri kwetu kama familia. Lakini tusitazame tone moja. Kuna upande mkubwa wa kitanda ambao tuliulinda vizuri."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akageuka kurudi chumbani. Katikati ya ukumbi akasimama.

"Sasa paa je?"

"Swali la mwisho limeshapita, Mama," akasema Msaidizi, na ndipo alipomwona mke wake mlangoni na sare yake ya kazi, amekunja mikono.

"Baba watoto," mke akasema polepole, "huyo ni mama yangu, si gazeti."

Aliomba radhi, ila alipoomba alitumia neno "mchakato", na mke hakumsemesha mpaka Jumapili.

Halafu ikaja idara ya maji. Mabomba ya mji yalikuwa makavu, watu wakiandamana na ndoo tupu, na mkurugenzi wa idara aliomba klabu imwazime yule kocha anayejua kufungwa. Msaidizi alisimama mbele ya umati na koti lake.

"Maji hayajakatika," aliwaambia. "Maji yamechelewa kufika. Tumeingia kipindi hiki tukiwa na majeruhi: pampu kubwa inauguza shingo, na ile ya akiba haina uzoefu. Lakini tuchukue mazuri. Tangu tatizo lianze, hakuna bomba hata moja lililopasuka."

Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja alipiga makofi kwa kugonganisha ndoo zake mbili. Walitawanyika bila fujo, wakiwa na kiu ileile.

Ikafika mechi ya mwisho. Wakitoka sare wangebaki ligi kuu, wakifungwa wangeshuka daraja. Uwanja ulijaa. Wapinzani walipata kona, na beki wao mrefu, namba nne, akaruka peke yake na kupiga kichwa: goli. Wakapata kona nyingine. Namba nne yuleyule, peke yake vilevile, kama mtu anayechuma tunda uani kwake. Walipopata kona ya tatu, Msaidizi alisimama kwenye benchi akafungua mdomo kuwapangia mabeki nani akae wapi, na kwa mara ya kwanza maishani hakujua aseme nini. Aligeuka kumwangalia Profesa. Kiti kilikuwa kitupu, kibao cha sumaku kimeachwa juu yake. Namba nne akafunga la tatu.

Ile stoo ilifurika siku hiyo. Mwenyekiti mwenyewe alikuja, akakaa mstari wa mbele. Msemaji alisimama ukutani na kumpa Msaidizi ishara ya kidole gumba. Naye akaanza vizuri tu. Akashukuru, akapongeza. Alikuwa ameshafika kwenye falsafa Sindano aliponyoosha mkono.

"Yule namba nne. Kwenye kona, nani alitakiwa kumkaba?"

"Niwashukuru mashabiki..."

"Nani alitakiwa kumkaba?"

"Kama timu, tunakaba kwa pamoja..."

"Mtu mmoja tu, Msaidizi. Nitajie namba ya jezi."

Alitafuta jirani wa swali lile. Hakumwona. Chini ya kitambaa, miguu yake iliyokuwa ikichezacheza ilitulia.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nani?"

"Hakuna aliyepangiwa. Kona ni kazi yangu. Nawafundisha Alhamisi. Lakini siku hizi Alhamisi na mimi nafundishwa."

"Unafundishwa nini?"

"Hiki ninachokifanya hapa. Kuwajibu nyinyi."

Hakuna aliyecheka. Mwandishi mmoja mkongwe wa gazeti, akidhani kocha amesahau maneno yake, akamsaidia kwa upole:

"Lakini yapo mazuri ya kuchukua, sivyo?"

"Siyaoni, mzee wangu."

"Mchakato?"

"Hakukuwa na mchakato. Tulikuwa tunafungwa."

Katibu alitangaza kwamba muda umekwisha. Msaidizi alivua koti kwa sababu ya joto, akatoka. Alitembea upesi kama mtu aliyevunja kioo cha watu. Alijua kwamba kesho mji mzima utamla nyama.

Kesho yake magazeti yalimfanya shujaa. "Abeba lawama za wachezaji wake!" liliandika moja. Lingine lilisema hajawahi kutokea kocha muungwana namna ile, anayejichafua ili vijana wake wabaki safi. Klabu ilitoa taarifa kwamba maneno yake yalinukuliwa nje ya muktadha. Alijaribu kumweleza jirani kwamba ilikuwa kweli, kwamba kona hawakufundishwa kabisa, na jirani akamshika bega machozi yakimlenga, akamwambia, "Na bado unawatetea!"

Mchana msemaji alimpigia simu. Sauti yake ilikuwa na wivu ndani yake.

"Hiyo ya jana sikukufundisha mimi. Uliitoa wapi?"

"Ndiyo ilivyokuwa, ndugu yangu."

"Sawa, siri yako. Lakini ni kali sana. Kali sana."

Profesa alipata kazi kwenye klabu nyingine iliyobaki ligi kuu, akiwa mzima wa meno. Idara ya maji ilitaka kumwajiri Msaidizi moja kwa moja, na kumpa ofisi yenye kiyoyozi. Alimuuliza mke wake.

"Utakuwa unarudi nyumbani na maneno yale?" mke akauliza.

"Nadhani ndiyo."

"Basi bora ukae na hao wa daraja la chini."

Klabu ilimpa timu kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mechi ya kwanza walicheza kwenye uwanja usio na jukwaa, nyasi zikifika kwenye vifundo vya miguu, na walifungwa moja bila kwa faulo ya mbali. Hakukuwa na meza wala bango. Sindano alikuja peke yake, akakishika kinasa sauti karibu na kidevu cha Msaidizi.

"Mmefungwa. Kwa nini?"

"Ukuta wangu niliupanga vibaya. Ulitakiwa usogee kulia kidogo."

Sindano akangoja. "Basi?"

"Basi."

"Redio imenipa dakika tatu, Msaidizi. Hiyo hata haijafika nusu dakika."

"Nijaze na nini sasa?"

"Sijui. Sema unachokijua."

Akafikiri, akiwaangalia vijana wake waliokuwa wanavua viatu kando ya mstari, vichwa chini. Halafu akaanza kwa kipa, akamtaja jina, akasema aliokoa mipira miwili ambayo yeye mwenyewe alishahesabu kuwa ni magoli. Akaenda kwa beki wa kulia, ambaye alikimbia mpaka akatapika akarudi akakimbia tena. Akamtaja wa kati aliyekosea pasi nyingi lakini hakuwahi kujificha, na yule mdogo wa mbele aliyeogopa, ambaye atazoea. Alimpitia kila mmoja, hadi wa benchi ambao hawakuingia. Vijana waliacha kuvua viatu wakasikiliza. Kinasa sauti cha Sindano kilibaki kimewashwa muda wote, na alipomaliza dakika tatu zilikuwa zimepita zamani, ila Sindano hakumkatiza.

Ilirushwa saa moja jioni, baada ya taarifa ya habari. Mama wa yule mdogo wa mbele alitoka na redio mpaka barabarani ili majirani nao wasikie.