Askari Niliyempa Mama Mkwe

Niliporudi Ekerenyo kutoka Doha, nilikuja na diploma ya umeme niliyojisomesha mwenyewe, nikakuta nyumba yangu ya mawe imekwisha kuezekwa. Nilikuja pia na sataranji. Kule kwenye kambi ya wafanyakazi hakuna aliyenisumbua mchezoni. Klabu yetu ilipotangaza kwamba mshindi wa shindano la Jumapili ndiye atakayekaa meza ya kwanza dhidi ya klabu ya Suneka, niliwaambia watu sokoni kiti hicho ni changu. Suti nilikuwa nimeshashonesha.

Fainali nikapangiwa mama mkwe, mwalimu mstaafu wa hesabu.

Kwetu mtu hampi mama mkwe mkono, wala hamtazami usoni. Tukawekewa meza mbili katika darasa la shule, kila mmoja na ubao wake, tumepeana migongo. Mke wangu akakaa katikati, akatupa mkono kwa zamu, kila mmoja kwa niaba ya mwenzake, kisha akawa anatangaza kila hatua ya mmoja wetu ili mwingine aipange kwenye ubao wake.

Nilianza na ufunguzi wangu maarufu. Unasogeza askari wa mbele ya malkia, halafu unamtoa jirani yake aliwe bure. Mpinzani akimla, unatawala katikati ya ubao, na askofu wako anakuja kumla mlaji. Ni mtego wa wasomi.

"Mama amekula," mke wangu akasema.

Nikasogeza askari mwingine kumfungulia askofu njia, mama akajibu, nikanyoosha mkono kwa askofu. Sauti ikatoka nyuma yangu: "Mwambie mume wako nimeshukuru. Tangu alete ng'ombe, hii ndiyo zawadi yake ya kwanza."

Darasa zima likacheka.

"Mwambie mama huu ni mchezo tu."

"Nami nacheza tu. Ila muulize, kwao mtu humpa mama mkwe kitu, kisha akaja kukidai?"

Mkono wangu ukabaki hewani. Sheria za sataranji nazijua kuliko mtu yeyote Nyamira, lakini waliojaa pale ndio watu ninaoishi nao. Nikamwacha askofu, nikasogeza farasi. Mama akamzungushia yule askari wenzake, akamsindikiza polepole mpaka mwisho wa ubao, upande wangu, askari akageuka malkia. Nikashindwa kwa heshima.

Suneka, mama alikaa meza ya kwanza, mimi ya pili, na mke wangu katikati yetu.

"Mwambie mume wako suti imemkaa," mama akasema.

Nilishinda, tena kwa ufunguzi uleule. Yule wa Suneka hakuwa mkwe wangu.