Swali Ambalo Rodney Hakuuliza

Rodney Kangas alikuwa fundi wa milango ya gereji mjini Duluth, kaskazini mwa Marekani, na alijulikana kuanzia nyumba za juu kilimani hadi zile zinazopigwa na upepo wa ziwa. Alikuwa mtu mnene, mwenye shingo fupi na sauti ya chini. Mkewe alikwisha ondoka zamani bila ugomvi mkubwa, akahamia Arizona kufuata jua. Watu walimwita Rodney springi ilipokatika, waya ulipochomoka, au baba wa nyumba aliporudi nyuma na gari akaukunja mlango mzima. Hakuwa mwepesi wa maneno, ila akishika simu ya mteja alikuwa na swali moja ambalo hakuliacha: mlango uko juu au uko chini?

Alikuwa na sababu. Mlango wa gereji ni mzito kuliko watu wanavyodhani, na si mota inayoubeba, ni springi. Springi ikikatika mlango ukiwa chini, hasara yake ni gari kubaki ndani. Ikikatika mlango ukiwa juu, kinachouzuia usianguke ni ule mkono mwembamba wa mota peke yake. Hapo mtu akivuta ile kamba nyekundu inayoning'inia, ile ya kuutenga mlango na mota, uzito wote unashuka kama jiwe. Rodney aliwaambia wateja wake hayo mpaka wengine wakawa wanamuigiza.

Dada yake, Marlys, alikuwa mmoja wa waliomuigiza. Alimzidi Rodney miaka minane, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, akimpikia, akimkatia nywele jikoni, akimsukuma shuleni. Hatimaye nywele zikawa ndiyo kazi yake. Alikuwa na saluni ndogo chini ya nyumba yake, na kila Jumanne alibeba mkasi na rola kwenda nyumba ya wazee, akawatengeneza mabibi ambao hakuna mwingine aliyewashika kichwani. Marehemu mumewe, Gordy, alimwachia nyumba yenye mlango wa gereji wa mbao, alioutengeneza kwa mikono yake. Ulikuwa mzuri siku zake. Sasa ulikuwa umekunywa maji ya theluji miaka mingi, na chini ulikuwa umeliwa na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sikukuu ya Shukrani ya Novemba, Rodney alipopita pale kula bata mzinga, aliona kutu kwenye springi moja. Alimwambia dada yake atakuja kuibadilisha. Alisema hivyo huku akivaa koti, na alipofika kwenye gari alikuwa amekwisha sahau.

Jumamosi moja ya Januari, Rodney alikuwa juu ya barafu ya ziwa na rafiki zake wawili, ndani ya kibanda chenye jiko dogo, wakivua kupitia tundu walilolitoboa. Simu ikalia. Ilikuwa Marlys.

“Rodney, mlango umegoma,” alisema.

Baridi ya siku ile ilikuwa ya kugandisha mate. Tangu alfajiri Rodney alikuwa amepokea simu za namna hiyo, na zote zilikuwa za milango iliyogandia sakafuni ikakataa kufunguka. Akadhani na huu ni hivyo hivyo. Wakati huo huo kamba ya mwenzake ilianza kuvutwa na samaki, na kibanda kizima kikacheka na kuinuka.

“Vuta ile kamba nyekundu, halafu usukume kwa mkono,” alisema. “Nitapita jioni, dada.” Akakata.

Mlango wa Marlys haukuwa umegoma kufunguka. Ulikuwa umegoma kufungika. Ile springi ilikatika mlango ukiwa juu, upepo ukawa unaingiza theluji ndani, naye aliogopa mabomba ya maji yasije yakaganda na kupasuka. Alifanya kama mdogo wake alivyomwambia. Alivuta kamba, mlango ukaanza kukimbia, naye, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akaudaka auzuie. Vipande vya mlango, vilivyoungwa kimoja kwa kingine kwa bawaba, vilipokunjana vikafunga juu ya vidole vyake.

Jirani yake, Bev Sorensen, alisikia kishindo, kisha sauti. Akaja na jeki ya gari, akautanua mlango. Ni Bev aliyempigia Rodney, na Bev hakuwa mtu wa kupamba habari.

Rodney alipitia nyumbani kwa dada yake kwanza, hata yeye hakujua kwa nini. Aliukuta mlango umelala upande mmoja na ile kamba ikining'inia. Alitazama mkono wa mota uliposimama, pale pa mlango uliofunguliwa, akaelewa yote bila kuambiwa na mtu. Kisha akaendesha gari kwenda hospitalini.

Hospitalini walikuwa wamemkata Marlys kidole cha shahada na cha kati, mkono wa kulia, kwenye kiungo cha pili. Muuguzi aliuliza ilivyotokea, kwa ajili ya kuandika. Marlys, macho yakiwa mazito kwa dawa, akasema alikuwa anahangaika na mlango mbovu. Rodney alikuwa amesimama pale pale, karibu na kitanda. Alisikia jibu lile likipita, akaliacha lipite. Baadaye alijiambia kwamba hakutaka kumsumbua mgonjwa. Lakini usingizi haukudanganyika na hilo.

Toka siku hiyo akawa mtu wa kuleta vitu. Aliung'oa ule mlango wa Gordy na kuziba uwazi kwa mbao. Alizoa theluji njiani kwa Marlys hata pasipokuwa na theluji ya kuzoa. Alileta supu ya mchele wa porini, alileta mkate wa iliki kutoka kwa mwokaji wa Kifini wa chini ya mji, alileta glavu za manyoya akakumbuka mlangoni kwamba ni glavu, akazirudisha kwenye gari. Wateja walikuwa wanamngoja, naye aliwajibu kwamba ana udhuru wa kifamilia. Wakimpa pole, ilimchoma.

Zaidi ya vyote alileta vitabu vya picha za milango. Alikuwa ameamua kwamba dada yake atapata mlango ambao mtaa mzima haujapata kuuona. Alimwonyesha milango ya mwerezi yenye bawaba nyeusi za urembo, kama ya mabanda ya farasi ya zamani. Alimwonyesha yenye safu nzima ya vioo. Alimwonyesha mota isiyotoa sauti, inayofunguliwa kwa simu hata mtu akiwa safarini, ingawa Marlys alikuwa hasafiri. Marlys alifunua kurasa kwa mkono wa kushoto, polepole, akisema “mhm,” na kila aliposema hivyo Rodney alileta kitabu kingine.

Siku moja mwezi wa Machi walikuwa jikoni, kahawa mezani. Rodney alikuwa anausifu mlango mmoja wa mwaloni. Marlys alifunga kitabu.

“Wateja wako huwa unawaambia wanunue huu?” aliuliza.

Rodney alikiri kwamba hapana.

“Basi niambie mimi kama unavyowaambia wao.”

Ikabidi amwambie. Alianza kwa kusitasita, kisha ile sauti yake ya kazini ikarudi. Alimwambia mbao ni nzuri kuzitazama, lakini ni kama kufuga ng'ombe, kila mwaka zinataka kuhudumiwa, na hapa Duluth zinakunywa maji kisha zinazidi uzito. Vioo upande wa ziwa vinaleta baridi ndani. Chuma chembamba kitupu kinabonyea mtoto akikipiga kwa mpira. Kwa nyumba kama hii, alisema, mtu achukue chuma cha kuta mbili chenye povu gumu la kuzuia baridi katikati, rangi iliyochomewa kiwandani, mpira mnene chini wa kuzuia chumvi na panya. Aangalie springi ziwe mbili, mpya, zilizopimwa kwa uzito wa mlango ule ule, si zilizobaki kwenye gari la fundi. Na aangalie viungo. Siku hizi ipo milango ambayo vipande vyake vimeundwa hivi kwamba vikikunjana vinasukuma kidole nje, havikimezi.

Alipofika kwenye vidole alikivuta kile kitabu na kukifungua tena. Marlys alizungusha kikombe chake.

“Na mtu akikupigia simu kwamba mlango umegoma,” alisema, “huwa unamuuliza nini?”

Rodney alitazama meza.

“Namuuliza uko juu au uko chini.”

“Mimi hukuniuliza.”

“Sikukuuliza.”

“Nimekusikia ukiwauliza watu swali hilo hapa hapa, kwenye kiti hicho, kijiko mdomoni. Nilipovuta ile kamba niliwaza, Rodney anajua. Angekuwa na wasiwasi angeniuliza.”

Rodney alisema alikuwa ziwani. Alisema samaki alikuwa ameshika. Maneno yalipotoka aliyasikia yalivyo, akatamani kuyarudisha.

“Najua ulikuwa ziwani,” Marlys alisema. “Nilisikia watu wanacheka.”

Rodney akaanza kumwomba msamaha, na alikuwa na mengi ya kusema, kwa kuwa alikuwa ameyapanga wiki nyingi. Marlys aliinua ule mkono wake wenye bandeji, naye akakoma.

“Usiniombe leo. Nikikusamehe leo nitakuwa nakudanganya, na sitaki tuanze kudanganyana uzeeni. Wewe hunitafutii mimi mlango, mdogo wangu. Unajitafutia usingizi. Niletee mlango ninaoweza kuunyanyua kwa mkono huu nilio nao. Basi.”

Aliposhuka ngazi za nje Rodney alijihisi mzito na wakati huo huo mwepesi, wala hakujua lipi ni lipi. Tangu Januari aliogopa siku ambayo dada yake angejua. Kumbe alijua siku zote, akaubeba ule uwongo mdogo mbele ya muuguzi kwa ajili yake, na yeye akamwachia aubebe.

Mlango alioagiza ulikuwa wa kawaida kabisa: chuma, rangi ya maziwa, bila dirisha, viungo visivyomeza kidole, na vishikio viwili vya chini, ndani na nje, ambavyo mtu anavifikia bila kuinama sana. Alingoja theluji ilainike, akaja peke yake asubuhi na mapema. Alifunga reli, akapanga vipande kimoja juu ya kingine, akakaza springi taratibu, huku Bev akimtazama kutoka ukumbini kwake na kikombe cha kahawa, bila kumkaribisha. Alipomaliza alitenga mota, akauinua mlango hadi kiunoni, akauachia. Ukakaa pale pale ulipoachwa. Hivyo ndivyo mlango uliopimwa vizuri unavyotakiwa kukaa.

Akamwita Marlys aje aujaribu. Marlys alitoka na koti lake, akasimama mbali. Alisema anauona kuwa mzuri. Rodney akamwambia aunyanyue. Hakusogea. Kisha akamwambia Rodney aurudishie mota na aufungue hadi juu. Rodney alifanya hivyo.

“Sasa simama chini yake,” Marlys alisema.

Rodney alielewa. Alivua kofia, akaenda kusimama kwenye kizingiti, mlango mzima ukiwa juu ya kichwa chake. Marlys aliingia mpaka nyuma ya gereji, akaikamata ile kamba nyekundu kwa mkono wa kushoto. Alikaa nayo mkononi kitambo. Rodney alizijua zile springi, alizikaza mwenyewe, hata hivyo jasho lilimshuka mgongoni, na hakujiruhusu kutazama juu. Aliwaza kwamba dada yake alivuta kamba kama ile bila hata kutoa jasho, kwa kuwa alimwamini.

Kamba ikavutwa. Ikasikika ile “ta” ya mota kuachia. Mlango ulitikisika kidogo, ukatulia.

Marlys alikuja akakishika kishikio, akaushusha mlango, akaupandisha, akaushusha tena. Alipoingia ndani aliacha mlango wa jikoni wazi, na Rodney akajua kwamba ameitwa kula.

Neno la msamaha halikutamkwa siku ile, wala baadaye. Bev alianza kumwitikia salamu mnamo Mei. Saluni ilibaki imefungwa. Zile Jumanne Marlys aliendelea kwenda nyumba ya wazee, akiosha vichwa na kupiga soga, na mkasi akamwachia msichana mmoja aliyeajiriwa pale, ambaye mabibi walimlalamikia kila wiki.

Mwezi wa Juni alimpigia simu Rodney akamwambia apite akitoka kazini. Rodney alipofika alikuta kiti kimewekwa katikati ya jikoni, na taulo limetundikwa mgongoni pake. Marlys alikuwa na mkasi mpya, wa watu wa mkono wa kushoto.

“Nataka kichwa cha kujifunzia,” alisema. “Cha mtu ambaye hatalalamika.”

Rodney alikaa. Mkasi ulitetemeka, ukauma hapa, ukaruka pale, mara mbili ukamgusa sikio. Marlys aliguna, akarudia, akaguna tena. Walipomaliza alimpa kioo, na kwa kweli ilikuwa kazi mbaya, upande mmoja umepanda, mwingine umeachwa kama nyasi. Rodney alisema imependeza. Marlys akamwambia aache uongo, arudi baada ya wiki mbili.

Kesho yake alikuwa na milango mitatu ya kutengeneza, mmoja nyumbani kwa wakili mwenye watoto watundu. Watoto walimtazama kichwa, wakacheka waziwazi, na mama yao akawakaripia kwa aibu. Kofia ya Rodney ilikuwa kwenye gari, hatua chache tu. Aliiacha huko huko, akapanda ngazi, akaanza kufungua springi iliyokatika.